Mizani Yangu Haipimi Kilicholowa

Nimenunua takataka kwa kilo kwa miaka mingi, kwanza Buguruni, baadaye Vingunguti, na mizani ninayo mpaka leo ingawa siku hizi anayeishika ni mtoto wa dada yangu. Mzigo unaoingia kwetu una majina yake, na kila jina lina bei yake. Chupa ni zile za maji na soda. Ngumu ni ndoo, mabeseni, viti vya plastiki, madumu. Kopo ni la bia au soda, lile la alminiamu. Chepesi ni mabati na makopo ya maziwa; zito ni springi za magari, nondo, vyuma vya mashine. Juu ya yote imekaa shaba, nyekundu kwanza, ya njano inafuata.

Watu wakizungumzia urejelezaji huanza na bahari, samaki na vizazi vijavyo. Mimi naanza na mizani, maana ndiyo iliyonifundisha. Kitu chenye bei hakifiki dampo. Pale Pugu Kinyamwezi, magari ya taka ya Dar es Salaam yanakomwaga, hutakuta kipande cha shaba kimelala kinasubiri mwenyewe. Kilishachukuliwa njiani: na dada wa kazi ndani ya nyumba, au na mwokotaji kwenye pipa, au na kijana anayening'inia nyuma ya gari, au na yule aliyekesha dampo akingoja gari liinue mgongo. Kinachozikwa kule ni kile ambacho wote hao wamekitazama wakakipita. Kwa hiyo ukitaka kujua mji unapoteza nini, uliza waokotaji wanapita nini bila kuinama.

Kopo la alminiamu hawalipiti hata siku moja. Kuyeyusha alminiamu ya zamani kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuipata mpya kutoka kwenye mawe yake, na faida hiyo inateremka kutoka kiwandani kwa mnunuzi mkubwa, kwa mnunuzi mdogo kama mimi, mpaka kwa mtoto mwenye salfeti begani. Kopo likitupwa dirishani mwa daladala pale Buguruni Sheli, halimalizi dakika tano chini.

Wanaonifungulia siku ni waokotaji. Wanatoka saa tisa za usiku, kabla ya wafagiaji, wanapita baa, vituo vya mabasi na kumbi za sherehe. Jumapili ndiyo siku ya neema kwa sababu ya harusi za Jumamosi. Yuko bibi mmoja wa Kizaramo, umri wake ni wa kukaa barazani kupokea shikamoo, lakini anakuja na chupa zake zimekanyagwa zikawa bapa, vifuniko kwenye mfuko wake, karatasi za kampuni zimebanduliwa. Hakuna aliyemfundisha. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sibebi upepo." Chupa isiyokanyagwa ni upepo mtupu; salfeti linajaa na kilo hazipo. Kilo moja ya chupa za nusu lita ni chupa zaidi ya 50, na kwa hizi za siku hizi ambazo viwanda vimezifanya nyembamba, hata 70. Piga picha ya mgongo ulioinama mara sabini kwa kilo moja. Anayesema waokotaji ni wavivu hajawahi kuhesabu.

Hila zipo, pande zote mbili. Muuzaji anaacha maji ndani ya chupa, anatia mchanga kwenye dumu, anaficha jiwe katikati ya makopo. Mnunuzi naye anachezea mizani. Wakala wa Vipimo hupita kuhakiki na kubandika stika, lakini stika haikai na mizani usiku na mchana. Namjua mwenzetu mmoja ambaye mizani yake ilikuwa ikila karibu robo ya kila kilo. Waokotaji walijua wote. Hawakumshitaki popote, walimpelekea yeye mzigo wenye mchanga, na wa kwangu wakaleta safi. Wakawa sawa.

Kutambua vitu ni kazi ya mikono na masikio. Chuma kinashikwa na sumaku, shaba na alminiamu hazishikwi. Shaba ya kweli ukiikwaruza ndani ni nyekundu vilevile. Ya kupakwa inaonyesha rangi nyingine. Kwa plastiki, mwamuzi ni ndoo ya maji. Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, vitupe pamoja: cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea. Kwa macho vyote ni plastiki, lakini ni vitu viwili ambavyo haviyeyuki pamoja vikapatana. Viwandani wanafanya hivyohivyo kwa mapipa makubwa: wanasaga, wanamwaga kwenye maji, kinachoelea kinaenguliwa. Shida inakuja kwa kipande cha bomba la maji, lile la kijivu au jeupe. Nacho kinazama. Kikijificha katikati ya chenga za chupa kinafika kwenye joko pamoja nazo, na kwa kuwa chupa inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 250 ndipo iyeyuke, bomba linakuwa limeshaungua kabla ya hapo na kutoa tindikali inayoharibu mzigo mzima. Kipande kimoja cha kiganja kinaweza kurudisha salfeti zima. Rangi nayo ina mambo yake. Chupa isiyo na rangi inapendwa kuliko ya bluu au kijani, kwa sababu isiyo na rangi unaweza kuipa rangi yoyote baadaye, ikawa nyuzi za kujazia mito, za zulia, kamba za kufungia mizigo, au chupa tena.

Ukikaa na kazi hii muda mrefu unaanza kuona kwamba ni kazi ya jambo moja tu: kutenganisha vilivyochanganywa. Na gharama yote iko hapo. Nyumbani kwa mtu, chupa ya juisi, boksi la viatu, mabaki ya maharage na pampasi ya mtoto vilikuwa mahali pake mbalimbali. Vikakutanishwa ndani ya pipa moja kwa sekunde mbili. Kuvitenganisha tena kunahitaji watu, maji, mafuta ya gari na afya ya mtu, na vingine havitengani kabisa.

Kinachoua mali nyingi kuliko vyote ni mchuzi. Boksi kavu lina mnunuzi kila siku; boksi lililolalia maharage usiku mmoja halina. Karatasi ikishakunywa mafuta ya kupikia, kiwanda hakina la kuifanyia. Nailoni yenye ugali ndani inahitaji kuoshwa, na maji ya kuiosha yana thamani kuliko nailoni. Na katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni za jikoni: maganda, mabaki, majani ya mboga. Nusu iliyolowa inaiharibu nusu kavu, kisha nusu kavu nayo inaiharibu iliyolowa, maana nani atalisha ng'ombe maganda yenye vipande vya chupa na wembe?

Nikaandika kwa mkaa ukutani, juu ya mizani: HAIPIMI KILICHOLOWA. Wauzaji wakanuna. Wengine walihamia kwa yule wa mizani mlafi. Nilichofanya ni kuongeza bei kidogo kwa chupa kavu na boksi safi, kutoka kwenye faida yangu, kwa sababu mzigo safi nami nilikuwa nauuza haraka bila kulipa vijana wa kuchambua. Ilinilipa. Walioitikia kwanza hawakuwa waokotaji, walikuwa wapangaji. Nyumba moja ya vyumba sita, uani mmoja, choo kimoja, wakaweka ndoo mbili za rangi mlangoni. Kiongozi wao alikuwa mama muuza chapati, mtu wa maneno yake. Siku ya kwanza alinijia mkono kiunoni.

"Mama, maji hapa tunanunua kwa dumu. Nikiosha hizo chupa zako, maji unalipa wewe?"

"Usioshe, dada. Ukimaliza vyombo, yale maji ya kusuuzia yapitishe mara moja. Sitaki inayong'aa, nataka isiyonuka."

Akakubali hapohapo. Nimehudhuria semina za mazingira zenye maji ya chupa mezani na bahasha za nauli, na sikumbuki mwezeshaji aliyewahi kuulizwa swali la maji akalijibu.

Kilichotuvunja nguvu ni gari la taka. Kila nyumba inatoa ada kwa mwezi, mtaa umeingia mkataba na mwenye gari, na gari lina bodi moja. Wale wa ndoo mbili wakatoka asubuhi na ndoo zao, kijana akazipokea zote mbili akazimwaga shimo moja, akarudisha ndoo. Mama wa chapati alisimama barabarani na khanga yake akamuuliza, "Sisi tutenganishe ili nyie mje kuchanganya?" Kijana akacheka, si kosa lake, yeye anaambiwa ajaze gari. Kabla mwezi haujaisha, ndoo mbili zilibaki kwa wachache, na wachache hao ni wale waliokuwa wakiniletea mimi kavu moja kwa moja, isikutane na gari. Tangu hapo nikitazama bango la kuhimiza wananchi watenganishe taka, natafuta kwanza kama kuna gari la pili. Kama halipo, bango ni karatasi nyingine ya kuokota.

Basi nikabaki na swali la ile nusu iliyolowa. Nilipoanza kuifuatilia niligundua kwamba sehemu yake ilikuwa na wenyewe siku zote. Machicha ya nazi yanakwenda kwa kuku. Maganda ya viazi ya wauza chipsi yanagombewa na wenye mbuzi. Mabaki ya mama lishe yana mfuga nguruwe wake anayepita jioni na madumu yaliyokatwa vichwa. Hao sikuwagusa. Kumlisha mnyama ni bora kuliko kuozesha, kwa sababu chakula kinabaki kuwa chakula. Nilichukua kilichobaki: maganda ya machungwa na maembe, mboga zilizonyauka, na kutoka soko la Mahakama ya Ndizi kule Mabibo, mikungu mitupu na majani makavu ya migomba yanayotandikwa ndizi zikisafiri. Tuna kiwanja Chanika, udongo wake kichanga kitupu. Unamwagilia asubuhi, saa nne umesahau kwamba umemwagilia. Hapo ndipo nilipoanza lundo la mboji.

Kanuni niliyoishika ni hii: tabaka moja la vilivyolowa, matabaka mawili ya vikavu. Vikavu vyangu ni majani ya migomba na maranda ya mbao kutoka kwa maseremala wa Keko, ambao walikuwa wakiyachoma na sasa wanafurahi nikiyabeba. Maranda yawe ya mbao tupu, yasiwe na vumbi la mbao za kugandishwa kwa gundi. Kati ya matabaka narusha koleo la udongo wa kawaida, kama mbegu ya vijidudu. Lundo lifike kiunoni, chini ya hapo halishiki joto. Katikati nachomeka nondo. Baada ya siku chache naichomoa na kuishika. Ikinifanya niiachie haraka, kazi inaendelea. Joto likivuka nyuzi 55 na kukaa siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa vinakufa. Likinuka mayai viza, hewa haiingii, nalipindua na kuongeza maranda. Wakitokea siafu na nondo iko baridi, limekauka, linataka maji. Nalipindua kila wiki na kwa joto letu la Dar, kwa miezi mitatu hivi linakuwa jeusi, linaponyoka mkononi, na harufu yake ni ya mvua ya kwanza.

Nyama, mifupa na mafuta sitii, panya wa Chanika wana akili kuliko mimi. Na adui wa mboji ni yuleyule wa mizani: kilichochanganywa. Betri ya saa ya ukutani ikijificha ndani, sumu yake inaingia kwenye mchicha. Kipande cha nailoni hakiozi, kinakatika tu vipande vidogo ambavyo mteja anaviona kwenye kitalu chake na harudi. Wauza miche wa barabarani ndio wateja wangu wakubwa na wanachekecha kila kiroba mbele yangu.

Vitu hivihivi vya kuoza vikipelekwa dampo vinafukiwa bila hewa, na bila hewa vinaozea kwa njia nyingine, vinatoa gesi ya methani. Gesi hiyo kwa muda wa miaka 100 inaipasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa, na kabla ya kufika huko juu, inawaka moto hapahapa. Wazee wa Tabata wanaukumbuka moshi. Mwaka 1988 wakazi walifungua kesi dhidi ya Jiji kwa ajili ya dampo la pale. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794, wakashinda. Taka zikaja kwetu Vingunguti, zikaenda Mtoni, sasa ziko Pugu. Kila mara jibu limekuwa kutafuta shimo la mbali zaidi, na kila mara mji umelifuata shimo hilo ukajenga nyumba pembeni yake.

Nirudi kwenye bei, maana hapo ndipo penye udhaifu wa kazi yetu na sitaki kuuficha. Mwaka 2017 China ilitangaza kwamba haitaki tena taka za nje za aina 24, plastiki za majumbani zikiwamo, na Januari 2018 ikafunga mlango kweli. Wanunuzi wakubwa waliokuwa wakipeleka chenga huko wakaacha kupokea simu. Tukaja kupata ahueni, kisha Aprili 2020 mafuta ghafi yakaporomoka dunia nzima. Plastiki mpya inatoka kwenye mafuta. Mpya ikiwa rahisi, nani atahangaika na ya zamani? Bei ya chupa ilishuka mpaka bibi wa Kizaramo akaniambia bora alale. Akalala, na wenzake wakalala. Masika yale nilikuwa najua bei ya mafuta ya dunia kwa kutazama mtaro wa mbele ya nyumba: umejaa chupa, zikangoja mvua kubwa, zikaondoka zote kuelekea Msimbazi na Jangwani. Mwokotaji anafanya kazi ya mji mzima lakini mshahara wake unaamuliwa na watu ambao hawajui kuna mtaro.

Ndiyo sababu siamini kwamba soko peke yake litatusafishia. Kuna vitu mizani haikuwahi kuvitaka. Rambo, kwa mfano. Mfuko laini wa plastiki wa gramu chache, umelowa, una mchanga. Mpaka ufikishe kilo umekufa njaa. Viroba vya pombe navyo, vile vifuko vidogo vya pombe kali: plastiki, juu yake alminiamu, juu yake plastiki tena, vimegandishwa kiwandani visitengane milele. Hapo kuchanganya kumefanyika hata kabla bidhaa haijauzwa, na hakuna ndoo mbili itakayosaidia. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na rambo tarehe 1 Juni 2019, Kenya wakiwa wametutangulia Agosti 2017 na Rwanda tangu 2008. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka, nikasema haitadumu. Mtaro wetu ulibadilika ndani ya masika moja. Baadaye vifungashio vile vyembamba vya kuwekea karanga na barafu vikaanza kubebea nyanya na nyama, rambo ikarudi kwa mlango wa uani, na bado tunahangaika nayo. Lakini viroba vya pombe sijaviona tena kwenye mzigo wa mtu, na hilo limefanywa na sheria, mizani haikuhusika.

Kitu kingine kilichokuwa kinanishinda bila mimi kukiona ni kreti ya soda. Chupa ya kioo ya soda haikuwahi kuwa taka mtaani kwetu. Ulikunywa palepale dukani umesimama, au uliacha pesa ya chupa, au ulikwenda na chupa yako tupu. Muuzaji hakuangalia sura yako. Kreti linarudi kiwandani, chupa inaoshwa, inajazwa, inarudi tena na tena mpaka shingo yake inachakaa ikawa na mikwaruzo myeupe. Hakuna kuyeyusha, hakuna kusaga, hakuna bibi wa kuinama. Ikivunjika, kioo kinayeyuka tena bila kupoteza ubora. Kisha ikaja ya plastiki, "teki awei," na biashara yangu ikanenepa. Sitasema nilihuzunika, nilikuwa na watoto shuleni. Lakini nikiulizwa na mtu anayetaka kupunguza taka aanze wapi, namwambia dai chupa ya kioo, dai kreti. Kila chupa inayofika kwenye mizani yangu ni chupa ambayo mfumo wa zamani usingeniruhusu kuiona.

Na urejelezaji wenyewe unaweza kuua. Kutenganisha shaba na ngozi yake ya plastiki, vijana wanachoma nyaya usiku kwenye uwazi, moshi mweusi unaingia madirishani. Kutenganisha risasi na betri ya gari, wanaipasua kwa shoka na tindikali wanaimwaga mtaroni. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwapa watoto wa mtaa risasi kwenye damu mpaka mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua, akasimama. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mimi waya uliochomwa sinunui, na betri napokea nzima tu, yenye maji yake ndani. Vijana wananiambia, "Mama, unajibania," na ni kweli, nyaya zilizochomwa ndizo zenye faida. Mifuniko ya chemba na mita za maji nazo hukataliwa papo hapo, ingawa hiyo ni habari ya polisi zaidi ya mazingira.

Katika mkutano wa mtaa uliopita niliomba jambo moja. Sikuomba mapipa ya rangi wala semina. Niliomba gari liwe na siku yake ya kuchukua za jikoni tu, na kavu wasiiguse, itanifikia. Mwenye gari alilalamikia dizeli. Nikamwambia atakuwa anabeba nusu ya mzigo, dizeli itapungua yenyewe. Akasema analipwa kwa safari, hajali gari limebeba nini, na mimi nikaelewa kumbe mkataba wenyewe ndio ulioandikwa hivyo. Mwenyekiti akaandika daftarini, akasema lazima lipande kata, halafu manispaa, na mkataba wa sasa unaisha Juni. Mama wa chapati akauliza Juni ya mwaka gani, mkutano ukacheka ukafungwa.

Sikungoja. Nimepata guta la kukodi na vijana wawili wa kupita nyumba kwa nyumba kuchukua ndoo zilizolowa kuzipeleka mahali pa kupakia mzigo wa Chanika. Wapangaji wa vyumba sita wamerudi, na nyumba jirani zao zimeanza kuuliza bei. Kinachonisumbua sasa ni pa kuliegesha usiku. Mwenye uwanja anasema linanuka, na hapo siwezi kumbishia, nikisahau maranda siku moja linanuka kweli.